Matairi ya gari ya spoti Unguja: namna ya kuchagua bila kuvunja kibubu

Mwenye Altezza, Subaru WRX, RX-8 au Roadster hapa Unguja hanunui matairi ili akimbie. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita zipatazo 85 kutoka ncha hadi ncha, na njiani kuna matuta, daladala zinazosimama bila taarifa, ng'ombe wanaovuka wapendapo, na wageni waliojifunza vespa asubuhi ileile. Anachonunua ni breki za siku ya masika, ubavu usiopasuka kwenye ukingo wa shimo, na usukani unaoitika. Ukilikubali hilo mwanzoni, bei inaanza kushuka yenyewe, kwa sababu mengi yanayoyafanya matairi ya spoti kuwa ghali ni ya mwendo ambao hapa huna pa kuupeleka.

Namzungumzia mtu mwenye gari moja tu: hiyohiyo ya kazini, ya kupeleka watoto skuli, ya sokoni Mwanakwerekwe na ya kwendea shamba mwisho wa wiki.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha mlangoni, si tairi lililopo

Gari zetu nyingi zimefika kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na kabla hazijafika kwako mtu ameshabadilisha rimu. Saizi unayoiona imevaliwa inaweza kuwa ya kiwandani, inaweza kuwa matakwa ya kijana mmoja wa Osaka. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kibandiko kinataja saizi iliyokusudiwa na upepo wake, mara nyingi kwa kPa. Kipige picha, ukae nacho kwenye simu.

Tuseme kimeandikwa 215/45R17 87W, saizi iliyovaliwa na Altezza na WRX nyingi. 215 ni upana kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 97 hivi. 17 ni rimu kwa inchi. 87 ni uzito unaobebwa na tairi moja, kilo 545. W ni mwendo, kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210.

Kwenye uzito usishuke hata namba moja. Kwenye herufi ya mwendo watu hubishana sana barazani. Hakuna atakayefika 240 Fumba, ni kweli, lakini herufi hiyo pia inaeleza jinsi tairi lilivyojengwa kuhimili joto, na lami ya Kaskazi saa nane mchana ni joto. Nionavyo mimi, baki kwenye herufi ya kiwandani. Ukiongezewa bei kwa ajili ya Y badala ya W, hiyo hela iache mfukoni.

Ukiona XL pembeni ya saizi, ni tairi lililoimarishwa. Kwa saizi hiihii namba ya uzito hupanda hadi 91, kilo 615. Linafaa barabara zenye mashimo, ila linataka upepo zaidi kidogo ili libebe uzito wake.

Hatua ya 2: Fikiria kushusha rimu kabla ya kutafuta tairi

Hapa ndipo penye akiba kubwa, na ndipo vijana wasipotaka kusikia. Rimu 18 inapendeza Forodhani usiku. Asubuhi yake inakutana na tuta lisilopakwa rangi.

Chukua hesabu hii. Tairi la 215/45R17 lina kipenyo cha milimita 625 hivi. La 205/55R16 lina milimita 632. Tofauti ni asilimia moja tu: kipimo cha mwendo kikisoma 80, wewe uko 81. Lakini ubavu umetoka milimita 97 hadi 113, umepata milimita 16 za mpira kati ya rimu yako na ukingo wa shimo. Uzito unaobebwa nao umepanda, maana 205/55R16 ya kawaida huandikwa 91. Na saizi hiyo imevaliwa na gari nyingi za familia, ndiyo maana hupatikana kirahisi na viwanda hushindana kwa bei. Ukienda upande wa pili, 225/40R18, ubavu unabaki milimita 90, na kila pancha ya ubavuni inakuwa msiba wa nyumba nzima.

Unapoteza nini? Usukani unakuwa mzito wa kuitika kwa kiasi kidogo mno kwenye kona ya haraka. Kwa matumizi ya kila siku sidhani kama utagundua baada ya wiki ya kwanza. Toyota yenyewe ilipoileta 86 mwaka 2012, gari ya spoti kabisa, iliivisha Michelin Primacy HP, aina iliyowahi kuvaliwa na Prius. Wahandisi wake walitaka gari inayofurahisha kwa mwendo wa kawaida, si inayoganda barabarani kwa nguvu ya mpira mpana.

Kabla hujanunua rimu ndogo, hakikisha mambo matatu. Rimu ipite juu ya kalipa za breki, zile koleo zinazobana diski, bila kugusa. Subaru STI zenye breki za Brembo hazikubali chini ya 17, usijaribu. Matundu ya nati yawe sawa: Altezza na Mark X ni matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, Subaru WRX nyingi za miaka ya 2000 ni matano kwenye duara la 100, ukichanganya rimu haiingii. Na tundu la katikati lishike kitovu cha gari: Toyota 60.1, Subaru 56.1. Likiwa kubwa, usukani utatetemeka kila ufikapo mwendo fulani na fundi atabalansi mpaka achoke.

Jambo la upana. Watu huamini tairi pana hushika zaidi, siku zote. Kwenye lami kavu, ndiyo. Kwenye maji ni kinyume: tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma, na lisipowahi, gari huelea juu yake na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Kwenye mvua ya Aprili inayoifanya njia ya uwanja wa ndege kuwa mto, milimita 10 za upana ulizoacha dukani ni faida.

Hatua ya 3: Chagua daraja la tairi, halafu ndipo jina

Kwa gari hizi kuna makundi matatu. Kundi la kwanza ni matairi ya safari: tulivu, yanadumu, yanaitika polepole. La pili ni ya spoti ya barabarani: mpira laini kidogo, ubavu mgumu kidogo, mifereji mipana ya kutoa maji. La tatu ni yale ya uwanja wa mashindano yaliyoruhusiwa barabarani, kama Bridgestone Potenza RE-71R au Yokohama Advan A052. Hili la tatu lisahau. Yanaisha upesi, yanabeba kila kokoto hadi kwenye madga, na mifereji yake ni michache.

Wewe unataka la pili, katika tabaka la bei ya kati. Michelin Pilot Sport 4 ni tairi zuri, hakuna ubishi, na bei yake pia haina ubishi. Chini yake kuna Yokohama Advan Fleva V701, Kumho Ecsta PS71, Hankook Ventus V12, Falken Azenis FK510. Haya ni ya viwanda vya Japani na Korea ambavyo hutengenezea pia makampuni ya magari, kwa hiyo si bahati nasibu. Kama mfuko haufiki hapo, chukua tairi jema la safari kutoka kiwanda kinachojulikana kabla ya kuchukua tairi lenye sura ya spoti kutoka jina ambalo hata muuzaji analisoma kwa kigugumizi. Michoro mikali kwenye kashata, ule uso wa tairi unaogusa lami, haishiki barabara. Kinachoshika ni mchanganyiko wa mpira, nao huuoni kwa macho.

Unaupimaje basi? Ubavuni mwa matairi mengi kuna mstari ulioandikwa kwa ajili ya soko la Marekani: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Treadwear ni kudumu, ikilinganishwa na tairi la kipimo lenye 100. Ya mashindano huwa 200 au chini. Ya spoti ya barabarani huwa baina ya 280 na 400 hivi. Ya safari hupanda 500 na zaidi. Namba hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo yafaa kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja kuliko ya viwanda viwili. Traction ni breki kwenye lami iliyoloweshwa, na AA ndiyo ya juu. Haipimi kona wala kuelea. Temperature dai A. B na C ni za mahali pengine na gari nyingine.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni lebo ya Umoja wa Ulaya, ambayo tangu Mei 2021 ina madaraja A hadi E ya breki kwenye maji. Tofauti kati ya A na E, gari ikifunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa, hufika mita 18. Hesabu mwenyewe mita 18 mbele ya kituo cha daladala. Hifadhidata ya Umoja huo yenye lebo hizo, EPREL, iko wazi kwenye intaneti. Andika jina la tairi na saizi kamili, kwa sababu tairi lenye jina moja linaweza kupata A kwenye saizi moja na C kwenye nyingine. Mimi sishuki chini ya B kwa gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiwa na nguvu ya injini nyuma na lami yenye unyevunyevu wa mvua ya kwanza ya Vuli, iliyochanganyika na mafuta na vumbi la miezi ya Kusi, B ndiyo heshima ya mwisho.

Hatua ya 4: Jipya au mtumba

Sitamcheka anayenunua mtumba. Lakini fanya hesabu kwa milimita, si kwa tairi.

Tairi jipya huanza na kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Alama za kuisha, vile vijukwaa vidogo ndani ya mifereji, ziko kwenye 1.6. Kwa mvua zetu, 1.6 umechelewa sana. Kwenye 3 anza kutafuta mengine. Kwa hiyo jipya linakupa milimita 5 za kutumia. Mtumba wenye 5 unakupa 2. Ikiwa mtumba unauzwa nusu ya bei ya jipya, basi kila milimita ya mtumba imekugharimu robo zaidi. Mtumba ni rahisi kweli pale tu unapopatikana kwa theluthi ya bei, una 6 au zaidi, na umri wake ni mdogo.

Umri umeandikwa. Tafuta DOT ubavuni, mwishoni mwa mstari kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa tairi huwa hazipo, pindua utazame wa pili. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama kashata zipo. Hiyo ni shauri ya dunia nzima, pamoja na nchi za baridi. Huku, jua na joto huukausha mpira mapema. Kanuni yangu: jipya lisizidi miaka miwili tangu kiwandani, mtumba usizidi minne. Ukiona nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja chini ya kashata au ubavuni, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Sasa mtego wenyewe. Matairi mengi ya mtumba kutoka Japani, na mengi yanayofika yamevaliwa na gari, ni ya barafu. Kule Wajapani hubadilisha kila msimu wa theluji, na yaliyochoka husafiri. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Kashata zake zimechanwachanwa kwa mistari myembamba ya mawimbi. Muuzaji atakubonyezea kwa kidole akwambie, "Ona mpira ulivyo laini, huu unashika." Ni laini kwa sababu umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzi sifuri. Kwenye nyuzi 32 unalegea, gari inayumba kwenye kona, na kashata zinaisha mbele ya macho yako. Kwenye gari ya spoti ni hatari, hata kama ni mapya kabisa.

Pitisha kiganja ndani ya tairi kabla hujalipa. Unatafuta viraka, uvimbe, na ule unga mweusi unaoonyesha lilikimbizwa bila upepo. Ukiona herufi RFT, ROF, ZP au SSR, hayo hutembea hata yakiwa matupu. Ubavu wake ni mgumu mno kwa njia zetu na gari yako haikutengenezwa kwa hayo. Pita.

Hatua ya 5: Mawili au manne

Wenye Subaru na kila gari inayosukuma magurudumu yote: manne, basi. Mzunguko wa matairi ukitofautiana, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka ife. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko isizidi robo ya inchi, ambayo kwa kina cha kashata ni kama milimita moja. Ukipasua moja na matatu yaliyobaki yamekula milimita 3, hilo moja jipya litaidhuru gari. Ndiyo maana mtumba mmoja mzuri, wa aina ileile na kina kilekile, una thamani kwa mwenye Subaru kuliko kwa mwingine yeyote.

Kwa wengine, mawili yanaruhusiwa. Mapya yaende nyuma, hata kwa gari inayosukumwa mbele. Mafundi wengi watakataa. Simama kwenye neno lako: mbele ikiteleza gari huenda moja kwa moja na unaondoa mguu, nyuma ikiteleza gari hugeuka, na wengi wetu hatujui la kufanya.

Hatua ya 6: Dukani na kwa fundi

Mazungumzo huwa hivi, iwe Darajani au Mwanakwerekwe:

"Yakhe, hili ndilo wanalochukua wote wenye Subaru."

"Inshallah. Hebu nigeuzie nione tarehe."

"Jipya hilo, bado na lebo."

"Lebo nimeiona, bwana. Tarehe."

Usione haya. Tairi lililokaa miaka mitano chini ya bati si jipya, na muuzaji mwaminifu atalipunguza bei bila kununa. Dai yote manne yawe ya mwaka mmoja. Ukiagiza Dar es Salaam, omba picha ya DOT ya kila tairi kabla hayajapanda boti, maana kuyarudisha ni nauli mara ya pili.

Kwa fundi, simama uangalie. Lenye mshale na neno ROTATION, mshale uelekee mbele. Lenye OUTSIDE, neno hilo lionekane nje kwenye magurudumu yote manne. Ukingo wa rimu usafishwe kabla tairi halijakaa: hewa yetu ya chumvi huila alumini, inaota unga mweupe, na tairi jipya linavuja polepole mpaka mtu alaumu kiwanda. Valvu zibadilishwe zote, bei yake ni ndogo. Kubalansi si hiari. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo. Toyota nyingi ni nyutonimita 103, na zirudiwe baada ya kilomita mia hivi. Bunduki ya upepo iishie kuzungusha tu.

Alaimenti ije baada ya kukagua bushi, boli jointi na shokapu, sio kabla. Gari iliyoshushwa hula matairi upande wa ndani, ambako huoni ukiwa umesimama. Kama ya zamani yaliisha ndani, usifunge mapya mpaka ujue kwa nini.

Hatua ya 7: Upepo na matunzo

Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Kibandiko kikisema 220 kPa, ni 32 kwenye geji ya PSI. 230 ni 33. Joto likipanda nyuzi 10, kipimo hupanda kama 1.5 hadi 2, kwa hiyo ukipima mchana baada ya kutoka Paje utaona 37 na utashawishika kupunguza. Usipunguze. Nunua geji yako mwenyewe, za vituoni zimeangushwa chini mara nyingi. Naitrojeni inayouzwa kwa bei ya ziada waachie wenyewe. Hewa ya bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni.

Kilomita 200 au 300 za mwanzo nenda taratibu, mpira mpya una utelezi wa kiwandani juu yake. Pancha ya katikati ya kashata, tundu lisilozidi milimita 6, huzibwa kwa kiraka cha ndani na ikapona. Ya ubavuni haizibwi, hata fundi aape. Njia za ndani za maweni, kama zile za pwani ya mashariki, zina mawe ya matumbawe yenye makali. Huko gari ya ubavu mfupi iende mwendo wa punda, na usikate kona ukapanda ukingo wa lami. Pale Jozani matuta yamewekwa kwa ajili ya kima punju. Yapande ukiwa umeshaachia breki, kwa sababu ukifunga breki juu ya tuta pua ya gari inalala na uzito wote unaangukia matairi mawili.

Mwisho fungua buti. Tairi la akiba la gari hizi aghalabu ni lile jembamba lenye herufi T mwanzoni mwa saizi, na linataka 420 kPa, yaani 60 kwenye geji. Mengi nimeyakuta na 20. Mwendo wake usizidi 80. Kama gari yako inasukumwa nyuma na ina difu yenye kujifunga, kama Altezza nyingi za RS200, usilifunge nyuma. Hamisha zima la mbele lipeleke nyuma, hilo jembamba likae mbele, kisha nenda kwa fundi pancha wa karibu.